Mshabiki Ugenini Unguja: Namna ya Kuuzuru Mji Kabla ya Kipyenga

Mwezi wa Januari, kaskazi ivumapo juu ya mkondo wa Unguja, boti zitokazo Dar es Salaam hujaa watu waliovaa jezi za rangi moja, wakielekea kushuhudia Kombe la Mapinduzi, mashindano yafanywayo kuadhimisha Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964. Na tangu Uwanja wa Amaan, uliojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1970, ulipokarabatiwa na kufunguliwa upya Desemba 2023, safari hizo hazingoji tena Januari peke yake. Tarehe 25 Mei 2025 uwanja huo uliandaa marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, Simba ilipotoka sare ya bao 1 kwa 1 na RS Berkane ya Moroko na kombe likaenda Berkane kwa jumla ya mabao. Na Agosti ya mwaka huohuo ukapokea mechi za CHAN, michuano ya mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani. Wageni wa michezo hii ni wengi, na mji huwalaki kwa bashasha. Lakini aghalabu yao huondoka wakiwa hawakuujua ila gati la Malindi, barabara iendayo uwanjani, na moshi wa mishikaki ya Forodhani. Kwa ajili yao naandika mwongozo huu, nao ni kwa mtu mwenye siku moja mkononi na tiketi ya mchezo mfukoni.

Nimesikia mara nyingi ikisemwa kwamba kuzuru ngome na majumba ya kale ni shughuli ya Wazungu wenye kamera. Kauli hiyo siikubali hata chembe. Mshabiki atokaye Tabora, Ujiji, Songea au Bagamoyo hatapata upesi mji mwingine ambao habari za babu zake zimewekwa katika mawe na boriti kama huu, kwani pembe za ndovu zilizojenga majumba yake zilichukuliwa mabegani na wapagazi wa Kinyamwezi, na mikarafuu iliyoutajirisha ilipandwa na kuchumwa kwa mikono ya watumwa waliotekwa pande za Ziwa Nyasa na kwingineko bara, wakapitishwa Kilwa, wakavushwa bahari wakiwa wamelundikana katika majahazi. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Dunia imekwisha kuutambua. Si laiki sisi wenye tarehe yake tuupite mbio kama watu waliochelewa basi.

Kwanza, hesabu ya wakati. Mechi nyingi za Amaan huchezwa alasiri au usiku, basi asubuhi nzima huwa ni mali yako, ukitaka kuitumia. Ukivuka kwa boti ya mwanzo, safari yenyewe huchukua yapata saa mbili. Na ukiweza kuvuka jana yake ukalala, ni bora zaidi, kwa sababu mji huu huonekana vizuri kati ya saa moja na saa tano za asubuhi, kabla jua halijawa kali juu ya vichochoro na kabla wenye maduka hawajatandaza bidhaa zao hadi katikati ya njia. Chukua kitambulisho chako, maana utadaiwa bandarini, na kitakufaa tena penye makumbusho, ambako mwananchi hutozwa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nje. Tiketi ya mchezo inunue mapema, ili ukiwa ndani ya mji moyo wako usiwe unakimbilia dirisha la tiketi.

Tena kuna jambo la mavazi, nalo si dogo. Unguja ni mji wa Kiislamu, na ada yake ni sitara. Jezi ya timu yako haimchukizi mtu. Kinachochukiza ni kaptura fupi na mabega wazi ndani ya mitaa ambamo watu wanaishi, wanasali na kulea watoto. Mwanamume na avae suruali, au ajifunge kikoi. Mwanamke na achukue mtandio au kanga mbili katika mkoba wake, ambazo zitamfaa kujisitiri mitaani na kukalia jukwaani. Mechi ikiangukia mwezi wa Ramadhani, usile wala usinywe hadharani mchana. Ikiwa ni Ijumaa, jua kwamba adhuhuri maduka mengi hufungwa kwa ajili ya sala. Na nyimbo za kutambiana ziache hadi ufike uwanjani, kwani mwangwi wa vichochoro hivi ni mkubwa, na nyuma ya kila dirisha huenda yupo mgonjwa au mzee aliyelala.

Utokapo gatini, geuka kulia uifuate bahari kwa barabara ya Mizingani. Jengo la kwanza litakalokusimamisha ni Dispensari ya Kale, yenye roshani za mbao zilizotobolewa kama kazi ya sindano, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 kwa gharama ya Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyesimamia ushuru wa forodha wa Sultani. Mbele yake lipo Jumba la Kasri, lililofanywa makumbusho mwaka 1994, ambamo chumba kimetengwa kwa Salme binti Said, bintimfalme aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, akaondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani, na mwaka 1886 akachapisha kwa Kijerumani kitabu cha maisha yake. Uliza kwanza kama mlango u wazi, kwa maana majengo ya ufukweni hufungwa kwa matengenezo mara kwa mara. Jirani yake ni Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, nyumba ya kwanza mjini kuwa na taa za umeme. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka na watu wawili wakafa. Itazame kwa nje, na ukiona majukwaa ya mafundi, yape salamu zako njema: ni kazi inayostahili kuombewa dua.

Simama hapo kidogo ukiielekea bahari, maana mahali hapo ndipo zilipotua risasi za vita vifupi kuliko vyote vilivyoandikwa katika tarehe. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, baada ya Khalid bin Barghash kujitawaza bila ya idhini ya Waingereza, manowari zao zilifyatua mizinga juu ya majumba haya kwa muda wa dakika 38 hivi, yaani pungufu ya kipindi kimoja cha mchezo utakaouona jioni, na katika muda huo watu wa upande wa Khalid waliouawa na kujeruhiwa walifika yapata 500. Beit al-Hukm, lililosimama kati ya majumba mengine, halikujengwa tena. Hakuna mshabiki ajuaye urefu wa dakika 38 kuliko wewe, pima mwenyewe.

Ngome Kongwe iliyo pembeni ilijengwa na Waarabu wa Omani walipowatoa Wareno, mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Kireno. Baadaye ilifanywa gereza, na mapema katika karne ya 20 ikawa karakana ya reli iliyokwenda Bububu. Siku hizi ndani yake hufanyika tamasha la Sauti za Busara mwezi wa Februari na maonyesho ya filamu za nchi za jahazi. Kuingia uani hakuchukui muda mrefu. Robo saa yatosha, kisha uingie mitaani.

Ndani ya vichochoro sikupi ramani, na nakunasihi usiitafute katika simu, kwa sababu kuta ndefu na njia zilizopinda huichanganya simu kama zinavyomchanganya mgeni. Mji wenyewe si mkubwa. Ukitembea kwa dakika chache upande wowote utatokea ama baharini ama barabara kuu, na katikati ya hapo umo mlango baada ya mlango wa nakshi. Itazame milango hiyo kwa utaratibu: ile yenye kizingiti cha juu kilichonyooka na maandishi ya Kurani ni ya mtindo wa Kiarabu, ile yenye upinde juu na misumari mikubwa ya shaba ina athari ya Bara Hindi. Ukichoka, keti barazani unywe kahawa chungu kwa kashata. Mahali paitwapo Jaws Corner, ambapo wazee na vijana hukutana, mazungumzo aghalabu huwa ya siasa na ya mpira, na ukisalimia kwa adabu, "shikamoo" kwa wazee na "asalamu alaykum" kwa jamaa wote, utapata habari za timu za visiwani ambazo huzipati magazetini. Wape nafasi waseme. Mshabiki wa ugenini anayekaa barazani na kusikiliza kabla ya kujigamba huheshimiwa sana mji huu.

Kutoka barazani uliza njia ya Mkunazini. Hapa nakuomba uzime simu, na kama una watoto, uwaambie mapema waendako. Hapa ndipo palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 baada ya Sayyid Barghash kutia sahihi mkataba aliolazimishwa na Waingereza, na Krismasi ya mwaka huohuo wamisionari wa Kianglikana wakaweka jiwe la msingi la kanisa juu ya ardhi ileile. Ndani ya kanisa, mbele ya madhabahu, utaonyeshwa duara la marumaru, ambalo yanenwa kuwa ndipo uliposimama mti waliofungwa watumwa wakichapwa viboko. Upo pia msalaba wa mbao uliotokana na mti wa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone. Nyuma ya madhabahu amezikwa Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi wa kanisa hilo, akafa mwaka 1882. Naye ndiye aliyechapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, akakusanya hadithi za watu wa mji na kuzitia maandishi.

Nje, katika shimo lililo chini ya usawa wa ardhi, wamesimama watu wa mawe wakiwa na minyororo shingoni, kazi ya mchongaji Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Kisha utashushwa katika vyumba vya chini vyenye dari fupi, ambavyo waelekezaji husema ndimo walimofungiwa watumwa kabla ya kunadiwa. Wapo wataalamu wasemao kwamba jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa, na kwamba huenda vilikuwa ghala za hospitali yao. Ubishi huo usikuondolee uzito wa mahali, kwani kuhusu soko lenyewe hakuna shaka: maelfu kwa maelfu ya watu walisimamishwa hapa wakakaguliwa meno na misuli na watu waliotaka kuwanunua. Soma mbao za maelezo za makumbusho yaliyomo uani. Zimeandikwa pia kwa Kiswahili, na hakuna mwenye haki ya kuzisoma kuliko wewe. Kupiga picha za kucheka mbele ya wale watu wa mawe, wengine wakinyoosha vidole viwili juu ya shingo zenye minyororo, ni utovu wa adabu, nami nimeuona kwa macho yangu ukitendwa na watu wa rika zote na rangi zote.

Sasa nifuate vizuri, maana hapa ndipo njia ya tarehe na njia ya mpira zinapokutana, na ndiyo sababu hasa ya mimi kuandika. Wamisionari walewale waliojenga kanisa hili walikuwa na shule Kiungani, kusini ya mji, ambamo walisomeshwa wavulana, wengi wao watoto waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Wavulana wa Kiungani walikuwa miongoni mwa Waafrika wa mwanzo kucheza kandanda katika kisiwa hiki, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Mtoto aliyekamatwa bara, akaandamwa na kifo njiani, akatolewa katika tumbo la jahazi akiwa hana baba wala mama wala lugha ya watu waliomzunguka, ndiye aliyekuwa katika kundi la Waafrika wa mwanzo kuupiga mpira juu ya ardhi ya Unguja. Sijui kama kuna uwanja mwingine ambao nasaba ya mchezo wake ina jambo la kuhuzunisha na la kutia fakhari kwa pamoja kiasi hiki. Wenzako watakapokuwa wakiimba jioni, wewe utakuwa unaijua habari hiyo, na wimbo utakuwa na uzito mwingine kinywani mwako.

Toka kanisani uende kusini, kwa mwendo wa dakika chache, hadi Mnazi Mmoja. Zamani lilikuwapo hori la bahari lililotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, na likafukiwa kidogo kidogo; na katika uwanda uliopatikana hapo Waingereza walijitengea nafasi ya gofu, kriketi na tenisi, huku watu wa Ng'ambo, wapagazi, makuli, maseremala na makarani, wakiunda vilabu vya kandanda na kushindana navyo jioni baada ya kazi. Kwa watu waliokatazwa mengi, uwanja ulikuwa mahali ambapo sheria ilikuwa moja kwa pande zote mbili, na kuishinda timu ya wakubwa wa serikali mbele ya umati lilikuwa jambo la kuzungumzwa barazani kwa majuma. Kabla ya Amaan, hapa ndipo palipokuwa moyo wa mpira wa kisiwa. Vaa viatu vyepesi, ukatize uwanja kwa miguu; ukiwakuta vijana wanacheza, kaa utazame hata dakika kumi. Kando yake liko jengo jeupe lenye kuba, Beit al-Amani, lililobuniwa na J. H. Sinclair na kufunguliwa mwaka 1925 kuwakumbuka waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Adhuhuri itakuwa imekaribia. Rudi kaskazini kwa barabara kuu mpaka Darajani, ambapo utapata chakula cha watu wa mji kwa bei ya watu wa mji: urojo wenye bajia na kachori, wali wa nazi na samaki wa kupaka, na juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Usile kupita kiasi. Jua la jukwaani na tumbo zito ni maadui wa mshabiki. Mishikaki ya Forodhani iache iwe ya usiku, baada ya mchezo, umeshinda au umeshindwa.

Kutoka Darajani kwenda Amaan watu wengi hupanda daladala au bodaboda moja kwa moja. Mimi nasema, kama mguu una nguvu, vuka barabara ufike Kisiwandui, alipouawa Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, tarehe 7 Aprili 1972 na lilipo kaburi lake, kisha upite kati ya majumba marefu ya Michenzani, aliyoyaanzisha yeye kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki ili wakazi wa Ng'ambo watoke katika vibanda. Wengine huyaona mabaya kwa sura. Lakini yeye atazamaye asubuhi kasri la Sultani na jioni nyumba za Michenzani amekwisha kuiona kwa macho sababu iliyofanya kombe la Januari lipewe jina la Mapinduzi, na hakuna hotuba itakayomweleza vizuri zaidi. Fika uwanjani saa moja na nusu kabla ya mchezo kuanza. Siku za mechi kubwa milango hujaa na foleni huwa ndefu.

Ikiwa umejaliwa siku ya pili, usijaribu kuzuru kila kitu. Mwenye mapenzi ya bahari na avuke kwenda Changuu, kisiwa chenye kobe wakubwa wa asili ya Aldabra, na gereza lililojengwa miaka ya 1890 ambalo lilikuja kutumiwa kuwaweka wasafiri karantini. Mwenye mapenzi ya majumba na aende Mtoni na Maruhubi, magofu mawili yaliyo njia moja, kisha apande Kidichi kuona hamamu ya mwaka 1850 ambayo Sultani Sayyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi. Aliye na moyo wa ibada na atafute gari liendalo Kizimkazi Dimbani, kuuona msikiti ambao kibla chake kina maandishi ya Kikufi ya mwaka 1107, uliokwisha kuwapo karne nyingi kabla Mreno hajaziona pwani zetu. Humo vua viatu, uombe ruhusa, na toa sadaka kidogo kwa msimamizi.

Neno langu la mwisho nalielekeza kwa viongozi wa vilabu na wa matawi ya mashabiki, na kwa walimu waletao timu za shule. Mnapoipanga ratiba ya safari, mnaandika saa ya boti, saa ya chakula, saa ya mazoezi na saa ya kulala. Andikeni pia asubuhi moja ya Mkunazini na Mnazi Mmoja, mkodi mwelekezaji mwenye leseni mmoja kwa kikundi kizima ili gharama igawanyike, na wachezaji wenu vijana wawe wa kwanza katika msafara huo.